Wakongwe Wanarudi Jukwaani Lini? Maswali ya Wapenzi wa Roki

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: bendi kongwe ya roki inasemekana itatoka tena, na mashabiki hawajui waamini nini, walipe lini, wala wakae upande gani. Tumezijibu pamoja. Hatukushika bendi moja tu, maana mambo haya huenda kwa mtindo uleule kwa Rolling Stones, Metallica, AC/DC, Iron Maiden na wengine wa rika hilo.

SWALI: Wahariri, salaam. Kila wiki nasikia tetesi kwamba bendi ninayoipenda inaanza ziara mpya. Wengine wanaonyesha hata kalenda ya uwanja yenye tarehe zilizozibwa. Dalili ipi ni ya kuaminika? — *Msubiri*

JIBU: Kalenda ya uwanja ndiyo inayodanganya watu wengi, basi tuanze nayo. Wakala wa bendi anapopanga ziara huomba viwanja vimshikie tarehe, na kushika si kukodi: hakuna fedha iliyotoka. Aliyeomba kwanza hupewa nafasi ya kwanza, anayefuata nafasi ya pili, na usiku mmoja unaweza kuwa umeshikwa na bendi tatu kwa mpigo. Wa pili akiwa tayari kutia saini, uwanja humpigia wa kwanza na kumpa muda mfupi athibitishe au aachie. Bendi nayo huwa imeshika miji kadhaa kwa wiki hiyohiyo, ilhali itapiga katika mmoja tu. Kwa hiyo mfanyakazi wa uwanja akivujisha kwamba Julai imeshikwa, huenda amesema kweli tupu, na bado ziara haipo.

Dalili nzito ni zile zinazohusu kazi yenyewe. Albamu mpya ni mojawapo. Metallica walitoa albamu yao tarehe 14 Aprili 2023 na wakaanza ziara Amsterdam tarehe 27 mwezi huohuo. Rolling Stones walitoa yao Oktoba 2023, wakaanza Houston tarehe 28 Aprili 2024. Lakini usiifanye albamu kuwa sharti. AC/DC walitoa albamu Novemba 2020, katikati ya janga la korona, na ziara yake ikaja 2024. Oasis walirudi 2025 bila albamu mpya kabisa.

Dalili nyingine ni jina la bendi kwenye bango la tamasha kubwa. Bendi yenye mafundi, malori na mitambo ya kiwango hicho ni nadra kutoka kwa usiku mmoja ikarudi nyumbani, kwa hiyo mara nyingi tarehe nyingine hufuata. Ila mkataba wa tamasha kwa kawaida huizuia kupiga karibu na hapo kwa umbali na muda uliotajwa. Ukiona jina lao kwenye tamasha la mji wako, usikae kusubiri onyesho lao wenyewe katika mji huo msimu uleule. Tazama nchi jirani.

Kisha piga hesabu ya muda. Metallica walitangaza ziara ile mwishoni mwa Novemba 2022, miezi mitano kabla. AC/DC walitangaza Februari 2024 na wakaanza Gelsenkirchen, Ujerumani, tarehe 17 Mei: miezi mitatu. Oasis walitangaza tarehe 27 Agosti 2024 na wakaanza Cardiff tarehe 4 Julai 2025, zaidi ya miezi kumi. Viwanja vya wazi vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini hutumika hasa kati ya Mei na Septemba, vya Amerika ya Kusini na Australia kati ya Novemba na Machi. Basi ikifika Aprili na hakuna tangazo, viwanja vya Ulaya vya mwaka huo vihesabu vimepita. Kumbi za ndani ndizo zinazobaki, na hizo hazina msimu.

Orodha ikishatoka, isome mapengo yake. Jukwaa la uwanjani huchukua siku kadhaa kusimamishwa, ndiyo maana ziara kubwa hubeba seti mbili au tatu za vyuma: moja inatumika, nyingine inajengwa mji unaofuata, ya tatu iko njiani. U2 walikuwa na seti tatu za lile jukwaa lao la miguu minne la mwaka 2009 hadi 2011. Taa, skrini na spika huwa seti moja inayosafiri na bendi. Kwa mpangilio huo, siku tatu au nne kati ya mji na mji ni kawaida. Ukiona pengo refu kuliko hapo baada ya usiku wa kwanza katika mji mkubwa, mara nyingi hapo pameachwa nafasi ya usiku wa pili, na utatangazwa tiketi za kwanza zikienda haraka.

SWALI: Tiketi zikianza kuuzwa mimi huishia kwenye foleni ya mtandaoni mpaka zinakwisha. Wenzangu wanapata. Nakosea wapi? — *Wa mwisho daima*

JIBU: Makosa mengi hufanyika siku mbili kabla, si saa ile ya mauzo.

Fungua akaunti kwa muuzaji aliyetajwa kwenye tovuti ya bendi yenyewe, si uliyemwona juu kwenye matokeo ya utafutaji, maana nafasi za juu hununuliwa na wanaouza upya. Weka jina, anwani na kadi mapema. Hakikisha kikomo cha malipo ya kadi kinatosha tiketi zote pamoja na ada, na kwamba namba ya simu iliyoko benki ndiyo unayoishika mkononi, kwa sababu msimbo wa uthibitisho utatumwa huko. Watu wengi hupoteza viti hapa. Tiketi ziko kwenye kikapu, saa inahesabu dakika chache, na msimbo umekwenda kwenye laini ya zamani.

Mauzo ya awali yasikupite. Utaratibu wa kawaida ni tangazo mwanzoni mwa wiki, mauzo ya wanachama wa klabu ya mashabiki na ya kadi fulani za benki katikati, kisha mauzo ya wote Ijumaa saa nne asubuhi kwa saa za mji wa onyesho. Kila awamu ina fungu lake la viti. Kuna bendi zinazotoa msimbo kwa walioagiza albamu mapema au waliojiandikisha kwa barua pepe, na wakati mwingine wanaopata msimbo huchaguliwa kwa kura. Jiandikishe kabla ya tangazo, kwani dirisha la kujiandikisha laweza kufungwa siku hiyohiyo.

Siku ya mauzo ingia kama dakika ishirini kabla. Kwenye mifumo mingi kuwahi zaidi ya hapo hakukupi faida: walio kwenye chumba cha kusubiri hupangwa kwa bahati nasibu saa ya mauzo ikigonga. Tumia kifaa kimoja kwa akaunti moja. Ukifungua akaunti yako kwenye vivinjari vitano, au ukipitia programu ya kuficha mahali ulipo, mfumo hukudhania roboti na kukutupa nje. Mtandao wa ofisi una kasoro hiyohiyo, kwa sababu watu wengi wanaonekana kutoka anwani moja. Intaneti ya simu ni salama zaidi. Ukishapata namba ya foleni, usiupakie ukurasa upya.

Uwe umeamua bei ya juu kabisa utakayolipa, na maeneo mawili unayoyakubali. Hili la bei si dogo. Tiketi za Oasis zilipouzwa tarehe 31 Agosti 2024, walioingia mwanzo waliona za kusimama kwa takriban pauni 150, na waliofika baada ya saa nyingi wakaziona kwa zaidi ya pauni 350. Wengi walidhani kompyuta inapandisha bei papo hapo. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilipochunguza ilieleza jambo tofauti: zilikuwa bei mbili zilizopangwa tangu mwanzo, ya chini ikauzwa kwanza, na wanunuzi hawakuambiwa waziwazi. Pia kulikuwa na tiketi zilizopewa jina la kifahari kwa karibu mara mbili na nusu ya bei, wakati mwingine bila faida yoyote ya ziada. Kwa hiyo neno la kumeremeta kando ya kiti lisikubabaishe. Soma maelezo ya kiti chenyewe.

Haya ni maamuzi, hayaanguki kutoka mbinguni. The Cure mwaka 2023 walikataa bei za kupandapanda Marekani. Ada zilipozidi bei ya baadhi ya tiketi, mwimbaji wao Robert Smith alilalamika hadharani, na kampuni iliyouza tiketi, Ticketmaster, ikarudisha dola 5 hadi 10 kwa kila tiketi. Bendi ina sauti kubwa kuliko inavyopenda kukiri.

Ukikosa Ijumaa, usikimbilie kwa walanguzi. Viti vingi huzuiwa mpaka ijulikane jukwaa, kamera na meza ya mitambo vitakaa wapi hasa. Jukwaa likishasimama, visivyozibwa huachiwa kwa bei ya kawaida, mara nyingi katika wiki ya mwisho, na vingine mchana wa siku ya onyesho. Fungua ramani ya viti asubuhi na jioni. Tafuta kiti kimojakimoja badala ya vinne pamoja.

SWALI: Wametangaza kwamba hii ni ziara ya kuaga. Nijinyime nikope niende, au ni mbinu ya biashara? — *Nisiyeamini*

JIBU: Usikope. Kuhusu kuaga kwenyewe, kumbukumbu zinasema mengi. Scorpions walitangaza kuaga mwaka 2010 na wameendelea kupiga. KISS walikuwa na ziara ya kuaga mwaka 2000, wakaja kufunga ziara nyingine ya kuaga katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, tarehe 2 Desemba 2023. Mötley Crüe walivuka mipaka: Januari 2014 walitia saini mbele ya waandishi mkataba wa kuacha ziara, wakapiga onyesho la mwisho Los Angeles usiku wa mwisho wa 2015, na mwaka 2022 walikuwa viwanjani tena. Rush walimaliza 2015, mpiga ngoma wao Neil Peart akafariki Januari 2020, na Oktoba 2025 waliobaki wawili wakatangaza ziara ya 2026 wakiwa na Anika Nilles kwenye ngoma.

Kwa upande mwingine, kuna kuaga kunakokatika kabla ya wakati. Aerosmith walianza ziara yao ya kuaga Septemba 2023. Siku chache tu baadaye mwimbaji wao Steven Tyler akaumia koo, na Agosti 2024 bendi ikatangaza kwamba haitafanya ziara tena. Wenye tiketi za miji iliyobaki hawakuwaona katika ziara hiyo.

Kwa wanamuziki wa zaidi ya miaka sabini, mwili ndio unaopanga ziara, bango linafuata. Mwaka 2019 Rolling Stones waliahirisha ziara ya Amerika ya Kaskazini ili Mick Jagger atibiwe vali ya moyo, wakaanza Chicago mwezi Juni. Ukipata nafasi katika maonyesho ya mwanzo ya ziara, ichukue. Mtu akiugua katikati ya ziara, tarehe za mwisho ndizo zinazopotea.

Jikinge kwenye fedha. Onyesho likifutwa, fedha za tiketi hurudishwa kwa kadi iliyolipa. Likiahirishwa, tiketi hubaki halali kwa tarehe mpya, na dirisha la kuomba fedha hufunguka kwa muda mfupi tu, likifungwa basi. Nauli na chumba cha kulala havimo kabisa. Weka chumba kinachofutika bila gharama hadi siku moja kabla, na kama unasafiri mbali, nunua nauli inayobadilishika tarehe hata kama ni ghali kidogo.

SWALI: Mpiga ngoma ni mwingine, mpiga besi ni mwingine. Bado ni bendi ileile? Na kwa nini nyimbo zinasikika tofauti na kwenye rekodi? — *Mwenye masikio*

JIBU: La kwanza ni la moyo wako. Charlie Watts, mpiga ngoma wa Rolling Stones, alifariki Agosti 2021 na Steve Jordan akashika vijiti. Nicko McBrain wa Iron Maiden aliacha ziara baada ya onyesho la São Paulo tarehe 7 Desemba 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na Simon Dawson. Wote wawili walioingia walikuwa tayari karibu na familia ya bendi: Jordan alikuwa amefanya kazi miaka mingi na Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, naye Dawson na Steve Harris, mpiga besi wa Iron Maiden, katika bendi nyingine ya Harris. Wakongwe huchagua anayejua mwendo wao, wala si anayepiga kwa kasi zaidi.

La pili lina jibu la kifundi. Sauti ya mwimbaji hushuka na umri, kwa hiyo gitaa hulegezwa nusu hatua au hatua nzima na wimbo wote unashuka nao. Nyuzi zilizolegea hugonga frati, yaani vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, na kupoteza mshindo, basi fundi huweka nyuzi nene zaidi, na mlio unakuwa mzito zaidi. Hapo ndipo unapohisi kuna kitu kimebadilika bila kujua ni nini. Sikiliza pia vibwagizo: noti ya juu kabisa mara nyingi huachiwa waimbaji wa nyuma, au mwimbaji anaigeuzia maikrofoni hadhira. Si uvivu. Kwa mtu anayeimba saa mbili na kurudia tena baada ya siku mbili, ni akiba.

SWALI: Shikamooni wahariri. Baba yangu ana miaka 68, amewasubiri watu hawa tangu ujana wake. Nataka kumpeleka. Tukae wapi aone na asikie vizuri bila kuumia? — *Kitindamimba*

JIBU: Marahaba. Usimnunulie sehemu ya kusimama mbele ya jukwaa. Hapo mtu husimama saa nne au tano kuanzia milango kufunguliwa, na akitoka kwenda msalani nafasi imekwenda. Viti vya uwanjani chini navyo vina mtego wake: sakafu ni bapa, na wa mbele wakisimama, naye atasimama usiku kucha.

Tafuta safu za kwanza za jukwaa la watazamaji la chini, upande unaotazamana na jukwaa la muziki, kidogo kushoto au kulia. Kwenye ramani tafuta kiboksi kilichoandikwa mitambo au sauti katikati ya uwanja. Fundi anachanganya sauti kwa anachokisikia pale, kwa hiyo viti vilivyo nyuma yake kwa mstari huo ndivyo vyenye mlinganyo mzuri. Epuka viti vilivyo chini kabisa ya paa la ghorofa ya juu: besi hukusanyika pale na kuvuma, maneno yanapotea. Epuka pia vilivyo pembeni sana sambamba na spika, kwani utasikia mgongo wa sauti, na skrini utaiona kwa ubavu.

Umbali nao una gharama yake. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo ukiwa mita 100 kutoka jukwaani unaisikia ngoma baada ya takriban theluthi ya sekunde tangu fimbo ishuke. Viwanja vikubwa huweka minara ya spika katikati na kuichelewesha kwa kipimo ili sauti zake zikutane na za mbele. Ukikaa mita chache kabla ya mnara huo, upande wa jukwaa, waweza kusikia mwangwi, ukikaa upande wake ulio mbali na jukwaa utasikia safi.

Kisha masikio. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza sauti ya maonyesho isizidi wastani wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 100 kwa kila dakika 15. Kwa kipimo cha usalama kazini kinachotumiwa na wataalamu wa Marekani, desibeli 85 zinavumilika saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda hukatika nusu. Kwa 100 unabaki na dakika 15, na onyesho ni la saa mbili. Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, alilazimika kuacha ziara mwaka 2016 kwa sababu madaktari walimwonya angepoteza usikivu kabisa.

Mnunulie vizibo vya masikio vya wanamuziki, vyenye kichujio, vinavyopunguza kama desibeli 15 hadi 20. Vile vya sponji vinalinda pia, ila vinakata zaidi sauti nyembamba, na gitaa litasikika kama liko chumba cha pili. Makosa ya sponji ni kukisukuma tu kwa kidole. Kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kisha kishikilie sekunde 20 hadi 30 kijae. Ukibaki unaona nusu yake imechomoza nje, bado. Avae kabla ya wimbo wa kwanza. Kama anatumia kifaa cha kusaidia kusikia, amuulize fundi wake kabla ya siku hiyo. Kwa kawaida hukiondoa na kuvaa vizibo.

SWALI: Nitazame orodha ya nyimbo za maonyesho yaliyotangulia, au niache nishangae? — *Njia panda*

JIBU: Kwa Metallica ya 2023 tazama: walipiga usiku mbili kila mji bila kurudia wimbo, kwa hiyo ilibidi uchague usiku. Kwa wakongwe wengi wengine orodha haibadiliki sana, kwa sababu taa, picha za skrini na milipuko vimefungwa kwa kila wimbo. Ukiona onyesho la tatu au la nne tu, umeliona la thelathini. Wanaobadilisha hubadilisha wimbo mmoja au miwili, na nafasi hizo huzijua ukilinganisha orodha za miji mitatu.

SWALI: Mtu ananiuzia tiketi yake kwa bei nafuu, amenitumia picha ya msimbo. Nilipe? — *Mwenye haraka*

JIBU: Hapana. Tiketi nyingi za simu siku hizi zina msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache, na picha ya skrini langoni haisomeki. Hata ikisomeka, anaweza kuwa amewatumia watu kumi, na anayefika kwanza ndiye anayeingia. Mwambie aihamishe kwenye akaunti yako ndani ya programu ya muuzaji. Ukipata ujumbe wa kuipokea, ukaikubali, na ikaonekana kwako kwa jina la onyesho, tarehe na namba ya kiti, hapo ndipo ulipe. Akisema uhamisho umefungwa, mwulize anauza vipi. Kuna maonyesho ambayo bendi imezuia uhamisho na kuruhusu kuuza tu kwa bei ya mwanzo kupitia muuzaji yuleyule, na njia hiyo inakufaa wewe zaidi kuliko yeye.

Ukishaipata, ihifadhi kwenye pochi ya simu ukiwa nyumbani. Langoni watu elfu hamsini wanagombea mnara mmoja wa mtandao.